Gari Lililokunywa Bati

Wana Kibiti wenzangu, na nyie wa Ruaruke, na nyie wa visiwani mnaokuja mjini mara moja kwa mwezi kununua sukari, nisikilizeni. Nina habari ya gari. Msishtuke, hakuna ajali humu wala hakufa mtu. Tena mna harusi na pilau, na mna mwanamke mmoja mnene aliyekaa katikati ya barabara akakataa kuondoka. Lakini mna pia kosa ambalo wengi wetu tumelifanya huku tunacheka, mie mwenyewe nikiwemo, na ndilo lililonikalisha nikaandika.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, mwezi wa saba. Yasmini alikuwa anaosha gari uani, kwenye nyumba ya kupanga aliyokaa na mumewe Haidari pale Kibiti. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ndogo nyeupe ya petroli, milango minne, ina nembo ya kampuni ubavuni. Haidari alichuchumaa kizingitini anamenya mihogo ya chai. Mtoto wao Ally, wa miaka minne, alikuwa ameshika tambara na kuosha gurudumu lile lile moja tangu walipoanza. Ng'ambo ya uzio ilisimama nyumba yao wenyewe, vyumba vitatu vya tofali mbichi. Haidari alikuwa ameyafyatua matofali yale kwa mikono yake, viangazi viwili mfululizo, baada ya kutoka shamba. Kuta zilikuwa zimefika mwisho. Kilichobaki ni bati.

"Mama Ally," alisema Haidari, "mwezi wa pili tunaezeka. Masika yakitukuta hatujaezeka, hizi kuta zinarudi kuwa udongo."

"Baba Ally, mwezi wa pili tunaezeka," alijibu Yasmini, akamrushia maji ya sabuni. Haidari akakimbia na bakuli la mihogo.

Fedha za bati alizitunza Yasmini kwenye simu yake. Haidari aliuza mpunga akampa, na yeye kila mwezi aliongeza kutoka kwenye mshahara. Walikubaliana hivyo kwa sababu Haidari akiwa na hela mfukoni hawezi kumwambia mtu hapana. Aliyekuwa hajui kumwambia mtu hapana kupita yeye, kumbe, alikuwa mkewe, lakini hilo hawakulijua bado.

Yasmini alikuwa bibi shamba wa kampuni moja inayowapa wakulima mbegu ya mpunga na kununua mavuno. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa kampuni ile kukabidhiwa gari, na mpango wa gari ulikuwa hivi: gari la kampuni, matairi na matengenezo juu ya kampuni, lakini mafuta anatia mwenyewe. Mwisho wa mwezi anaandika kilomita alizokwenda kikazi, kampuni inamlipa shilingi mia tatu na hamsini kwa kila kilomita. Basi. Risiti za mafuta hakuna aliyezitaka.

Miezi ile ya mwanzo wakulima wake walikuwa kandokando ya barabara kuu, huku Ikwiriri, kule Bungu. Lami tupu. Lita moja ya petroli, kama shilingi elfu tatu, ilimpeleka kilomita kumi na moja, na kampuni ikamlipa karibu elfu nne. Yasmini alipoona mwezi wa kwanza umeisha na chenji imebaki, alifurahi mpaka akamnunulia mama yake doti ya kanga. Alipompelekea alisema maneno ambayo yalikuja kumsumbua.

"Mama, hili gari halinigharimu kitu. Kila kilomita inanilipa."

Bi Habiba, mama yake, ni mtu wa watu. Habari akiipata asubuhi, mchana iko sokoni. Jioni ile ukoo mzima ulijua kwamba Yasmini ana gari ambalo ukilipanda linamwongezea fedha, kwa hiyo kulipanda ni kumsaidia. Mniambie nyie, nani angekaa nyumbani?

Mwezi wa kumi kampuni ilimhamishia Ruaruke na vijiji vya upande ule, mpaka gatini anapoacha gari na kuvuka kwa mtumbwi kwenda kwa wakulima wa Mbwera. Mnaoijua njia ile sina la kuwaeleza. Kwa wasioijua, kuna mahali pa mchanga ambapo gari linanguruma kwa nguvu zake zote na mwenye baiskeli anakupita anakusalimia. Kuna na tope jeusi la mfinyanzi likinyeshewa. Huko lita moja haikumpeleka kilomita kumi na moja. Ilimpeleka sita, na siku nyingine hazikufika. Kampuni iliendelea kumlipa mia tatu hamsini zile zile, kwa sababu kwa kampuni kilomita ni kilomita.

Yasmini aliona mwezi wa kumi umeisha amepungukiwa. Sasa hapa, ndugu zangu, ndipo alipokosea kosa ambalo mtu mvivu asingeweza kulikosea. Kichwani mwake alikuwa bado na ule wimbo wa kila kilomita inanilipa. Akajiambia, kama hela imepungua basi safari zangu zimekuwa chache. Akaongeza safari. Mkulima aliyekuwa anatembelewa mara mbili kwa mwezi akatembelewa mara tano. Wakulima wa Ruaruke walimsifu kwamba hana mfano. Mzee mmoja alisema bibi shamba huyu anaupenda mpunga wake kuliko watoto wake wa kuwazaa. Na kila alipokwenda alizidi kutoboka mfuko, kwa sababu kila kilomita ya mchanga ilimrudishia pungufu ya alichotia kwenye tangi. Alikuwa anachota maji kwa ndoo iliyotoboka, na alipoona hayatoshi akachota haraka zaidi.

Pengo akaliziba kwa hela ya bati. Mara ya kwanza alisema nakopa tu, nitarudisha. Mara ya pili hakusema kitu.

Na ukoo nao haukulala. Mjomba anataka kupeleka mbuzi Mloka. Shangazi anataka kuni zake. Kikundi cha akina mama kina maulidi Ikwiriri, na akina mama wanane na masufuria yao hawaenei kwenye bodaboda. Safari hizo Yasmini hakuziandika kwenye daftari la kampuni, maana si mwizi. Alizilipa mwenyewe.

"Mwanangu, si mafuta ya ofisi?" alimwuliza Bi Habiba siku moja, tayari ameshapanda na kufunga mkanda.

Yasmini aliwasha gari. "Ndiyo, mama."

"Basi tupitie na kwa shangazi yako. Anasema magoti yanamuuma."

Mtauliza, kwa nini asiseme? Nami nilimwuliza baadaye, akaniambia bila kuficha. Kwanza alishajisifu, na kuyarudisha maneno yako mwenyewe tumboni si kazi ndogo. Pili, alipopewa gari lile walikuwepo wanaume ofisini walionong'ona kwamba mwanamke atalishindwa kabla ya Krismasi. Aliogopa akimwambia bosi mafuta hayatoshi, bosi atasema huyu hajui kuendesha, leteni mwingine. Alilipenda gari lile na aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote. Akajikaza kisabuni.

Mtu mmoja tu alijua. Naye ni Mwanamina.

Mwanamina ana kibanda Ruaruke, njia ya kuingilia kijijini, anauzia bodaboda petroli kwenye chupa za maji. Ukoo wake na ukoo wa Yasmini ni watani tangu enzi za mababu, na mnajua wenyewe utani wetu: mtani anaweza kukuchukulia kuku wako mbele ya macho yako, na wewe unatakiwa ucheke na umtafutie kamba ya kumfungia. Anaweza pia kusema mbele za watu lile ambalo ndugu yako analiogopa. Yasmini akiishiwa mafuta Ruaruke alinunua kwake, na chupa za kijijini ni ghali kuliko kituo cha mafuta.

"Mtani," alisema Mwanamina siku moja akimimina chupa ya nne, "hili gari lako lina minyoo?"

"Limiminie tu, mtani. Mafuta ya ofisi."

"Ofisi gani inanunua chupa kwangu kwa sarafu za mia tano mia tano? Mie nauza petroli mwaka wa sita. Hela ya ofisi naijua harufu yake, na hii si yenyewe. Hii ni hela ya jikoni."

Yasmini alicheka kwa sauti kubwa mno, akaondoka kwa kasi mno. Mwanamina alisimama na chupa tupu mkononi akilitazama vumbi la gari.

Mwezi wa pili ukaingia. Haidari alipima paa kwa kamba, akarudi na hesabu ya bati arobaini. "Kesho tukanunue," alisema, amefurahi mpaka anashindwa kukaa. Yasmini alimwambia bei imepanda, wasubiri wiki mbili. Haidari akaangalia mawingu upande wa baharini, akasema haya. Kwenye simu zilikuwa zimebaki fedha za bati sita. Yasmini alikwenda kuoga akalia bafuni huku maji yanamwagika, ili asisikike.

Sasa njooni harusini.

Faraja, binti wa mamdogo wake Yasmini, alikuwa anaolewa Ruaruke, na hakuna hata aliyeuliza bi harusi atapelekwa na gari gani. Pikapu ilivikwa maua ya karatasi na mitandio ya rangi mpaka nembo ya kampuni ikafunikwa. Yasmini alitia mafuta ya kufika Ruaruke kwa njia ya moja kwa moja, kiasi hicho hicho, kwa sababu ndicho alichoweza. Mbele alikaa bi harusi na maua yake. Nyuma, Bi Habiba na somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, na masanduku. Kwenye karai la pikapu, pale pa kubebea mizigo, akina mama kumi na wawili, ngoma mbili na tarumbeta moja. Bodaboda kama ishirini zikafuata, Haidari akiwa kwenye mojawapo.

Kufika barabarani, akina mama wakapiga paa la gari. "Zungusha! Zungusha bi harusi!"

Ni desturi, bi harusi azungushwe mji watu wamwone. Yasmini akajaribu. "Jamani, tutachelewa."

"Tuchelewe wapi, bwana harusi kasubiri miaka mitatu!" alisema Bi Habiba. "Zungusha, mwanangu!"

Angesema hapo. Mdomo alikuwa nao. Lakini tarumbeta lilikuwa linalia, Faraja alikuwa anacheka ndani ya shela, na Yasmini naye, nakwambieni, alikuwa na furaha. Akazungusha. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu wakapitia mpaka stendi. Vigelegele vikafika msikitini. Halafu wakashika njia ya Ruaruke na jua la alasiri.

Taa ya mafuta iliwaka wakiwa katikati ya mchanga. Yasmini akazima kiyoyozi, akawaambia kimeharibika. Akaendesha taratibu, anasoma kila dua aliyofundishwa chuoni. Kibanda cha Mwanamina kikaonekana, na watu wa upande wa bwana harusi wamejipanga pembeni na mikeka yao. Zilibaki hatua mia moja hivi. Gari likakohoa mara mbili, likasimama.

Tarumbeta likanyamaza.

"Injini imechemka," alisema Yasmini. Wanaume wakashuka kwenye bodaboda, wakafungua boneti, kila mmoja akawa fundi. Mmoja alisema plagi, mwingine alisema ni maji. Haidari alikuwa ameshavua kanzu anataka kuingia chini ya gari. Ndipo Mwanamina alipofika, amevaa gauni lake la harusi na malapa, kabeba kigoda. Hakwenda kwenye boneti. Alizunguka nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akanusa.

"Ondokeni hapo mbele," aliwaambia mafundi. "Injini haina ugonjwa. Ina njaa."

Kisha akaweka kigoda mbele ya gari, katikati ya barabara, akakaa. Mwili wa Mwanamina ukishakaa, umekaa.

"Mie ni mtani wa ukoo huu," alisema, "na leo nimelikamata gari lenu pamoja na bi harusi wenu. Haendi mtu mpaka nijibiwe. Aliyewahi kupanda gari hili anyooshe mkono."

Watu wakacheka. Mikono ikanyooka, kwenye karai yote, kwenye bodaboda karibu yote. Bi Habiba akanyoosha miwili.

"Haya. Aliyewahi kutia mafuta humu, hata chupa moja, aache mkono juu."

Mikono ikashuka yote. Kicheko nacho kikaanza kupungua.

"Mafuta ya ofisi hayo!" alijitetea Bi Habiba kupitia dirishani.

"Ya ofisi? Mwulize mwanao. Mtani, mbele ya hawa ndugu zako wote, mafuta haya ya nani?"

Yasmini alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Alimwangalia mama yake kwenye kioo, akamwangalia Haidari aliyesimama kifua wazi kwenye mchanga. Akafungua mlango, akashuka. Alianza kusema polepole, kisha maneno yakamtoka yote pamoja: mia tatu hamsini za lami na mchanga wa Ruaruke, safari alizoongeza ili apate akapoteza, mbuzi wa mjomba, kuni za shangazi. "Ofisi haijalipa safari hata moja ya kwenu," alisema, "na hata hizo zangu za kazi hailipi zote. Nimeona aibu kusema. Naona aibu hata sasa."

"Na bati?" aliuliza Haidari.

"Gari limezinywa, Baba Ally. Zimebaki sita."

Haidari aligeuka akaondoka, akaelekea kijijini. Watu walipisha njia. Haidari akafika kwenye kibanda cha Mwanamina, akachukua chupa mbili mezani, akaacha noti chini ya jiwe. Akarudi nazo. Alikata chupa tupu kwa kisu akaifanya faneli, akamimina mafuta ndani ya tangi taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Bi harusi kwanza," alimwambia mkewe. "Mengine nyumbani."

Bi Habiba ndiye aliyefuata. Alifungua fundo la kanga, kanga ile ile ya doti aliyonunuliwa, akatoa hela ya chupa. Kisha mjomba wa mbuzi. Kisha akina mama wa karai mmoja mmoja, wakisukumana na kuchekana. Chupa za Mwanamina ziliisha zote, na waliokosa wakaandikishwa majina. Bi harusi Faraja naye akatoa mkono dirishani na noti, akasema hataki kuingia kwa mumewe na deni. Hapo kigelegele kilichopigwa hakijawahi kusikika Ruaruke. Mwanamina akainuka na kigoda chake, akasema bado anamdai kila mtu sahani ya pilau, na gari likaingia kijijini na tangi limejaa kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa.

Nyumbani walizungumza. Haidari alikasirika, na alikuwa na haki. "Hela imekwenda, itarudi," alisema. "Lakini miezi mitano nimelala pembeni yako, mimi napima paa kwa kamba na wewe unajua hakuna bati. Hilo limeniuma." Yasmini hakujitetea. Alimwomba radhi, akampa simu na namba ya siri. Haidari akairudisha. "Shika wewe. Mimi wakija watu watatu wenye shida nitaigawa yote." Wakacheka wote wawili.

Asubuhi Haidari alitoa wazo. Wakajaza tangi mpaka shingoni, Yasmini akaenda Ruaruke kikazi, akarudi, wakajaza tena mpaka shingoni na kuandika ni lita ngapi zimeingia. Walifanya hivyo wiki nzima, lami siku yake na mchanga siku yake. Yasmini akaipeleka karatasi kwa bosi wake, Bwana Abdulhalim, jasho linamtoka.

"Bosi, naomba usome kabla hujasema gari apewe mwingine."

Bwana Abdulhalim alisoma mara mbili. "Kile kiwango nilikipanga mimi," alisema, "siku moja, kwa safari ya Kibiti mpaka Ikwiriri na kurudi. Hakuna aliyelalamika, nikajua kinatosha. Kwa nini hukusema, dada Yasmini?"

"Niliogopa utasema sijui kuendesha."

Bosi alichukua funguo, akasema kesho naendesha mimi. Akaenda naye Ruaruke, mafuta kwa hela yake mfukoni, akazama kwenye mchanga mara mbili, na saa nane mchana alikuwa amesimama kwenye kibanda cha Mwanamina ananunua chupa ya tatu. Mwanamina alimwuliza kama na yeye gari lake lina minyoo. Wiki iliyofuata barua ilitoka: njia za lami kiwango chake, njia za mchanga na tope kiwango chake, na pungufu la miezi iliyopita Yasmini atarudishiwa kidogo kidogo.

Lakini masika hayasubiri barua. Mwezi wa tatu ulikuwa unabisha hodi na kuta zilikuwa wazi. Basi waliokosa chupa siku ya harusi walikuja na makuti. Aliyepanda mara mbili alileta mzigo mmoja, mjomba wa mbuzi alileta minne na aibu yake. Akina mama wa maulidi walikaa uani siku tatu wanashona, wanaimba, wanamtania Bi Habiba kwa ile mikono yake miwili. Haidari na vijana wa mtaa wakapanda juu, wakaezeka. Siku ya mwisho walishuka kwa haraka, maana mvua ilikuwa imeshafika upande wa soko na inakuja inakimbia.

Iliwakuta wote ndani, watu wapatao ishirini katika vyumba vitatu visivyo na milango. Ilinyesha mpaka watu wakawa wanaongea kwa kupiga kelele. Haidari alizunguka ukuta kwa ukuta anapapasa matofali yake kwa kiganja. Makavu. Alimnyanyua Ally begani ili naye apapase. Yasmini alisimama kizingitini anawaangalia, na machozi safari hii hakuyaficha. Bati zitakuja, alisema moyoni, na hata zisipokuja haraka, hapa pananitosha.

Wiki moja baadaye Bi Habiba alitaka kwenda Ikwiriri kumwona shangazi. Alikuja asubuhi, akafungua mlango wa pikapu, akapanda, akafunga mkanda. Mapajani alikuwa ameweka kitu amekifunga kwa kanga.

"Mama, nini hicho?"

Bi Habiba akafungua kanga. Ilikuwa chupa ya petroli, imejaa mpaka kwenye kizibo.

"Nauli yangu," alisema. "Twende, mwanangu."

MAFUNZO

Ndugu zangu, sikuiandika habari hii ili mcheke tu, ingawa mkicheka nitafurahi.

La kwanza ni kwa wafanyakazi. Kazi ikikwambia itakurudishia gharama zako, usiamini kiwango kilichoandikwa. Jaza tangi, nenda, rudi, jaza tena, uone mwenyewe. Na ipime njia unayopita leo, si ile iliyokufurahisha mwaka jana. Ukikuta unapoteza, kuongeza bidii hakutakuponya. Sema siku hiyo hiyo, kwa bosi wako, na kabla ya bosi mwambie unayelala naye chumba kimoja. Yasmini aliogopa neno moja kwa miezi mitano, na neno lenyewe lilipotoka lilimaliza kazi kwa wiki mbili.

La pili ni kwa wakubwa wa ofisi. Mtu asipolalamika si kwamba ameridhika. Panda njia yake siku moja, na mafuta utie wewe.

La tatu ni letu sisi tunaopanda. Tunamwona ndugu yetu na gari lenye nembo, tunasema mafuta ya ofisi, tunapanda na mbuzi wetu na masufuria yetu. Hatujawahi kumwuliza. Tangu leo, kabla hujafunga mkanda, mwulize: nani anajaza tangi hili? Na ukiuliza, uwe na chupa yako mkononi.